ALISHIKILIA REKODI YA KILIMA CHA OLIMPIKI, AKAAMBIWA MASHINDANO HAYAMHUSU: KISA CHA LINDSEY VAN

Kwanza kabisa, usichanganye majina. Lindsey Vonn ni yule staa wa kushuka milima ya theluji kwa kasi, mwenye medali na matangazo kibao, aliyewahi kutoka na mcheza gofu Tiger Woods. Huyo kila mtu anamjua. Mwanadada wa leo ni Lindsey VAN. Wote ni Wamarekani, wote wamezaliwa mwaka 1984, wote maisha yao ni theluji. Watu wamekuwa wakiwachanganya miaka yote.

Tofauti yao ni kwamba Vonn alikuta mlango wa Olimpiki uko wazi. Van alikuta umefungwa, na aliyeufunga akawa anabadilisha sababu kila akiulizwa.

Pata picha hii. Ni kabla ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Vancouver, Kanada, ya mwaka 2010. Kule Whistler kimejengwa kilima kipya kabisa kwa ajili ya mchezo wa kuruka kwa skii. Wanakuja warukaji kukijaribu, wanaume kwa wanawake. Anapanda Lindsey Van, anajirusha, anatua mita 105.5. Hiyo ni zaidi ya uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli. Hakuna mtu aliyekuwa amefika mbali hivyo pale, mwanaume wala mwanamke. Rekodi ya kilima ikawa ya kwake.

Halafu Olimpiki ikafika, na mwenye rekodi hakuruhusiwa kuruka. Hakuwa ameumia wala hakushindwa kufuzu, na dawa za kusisimua misuli hazikuhusika. Mashindano yalikuwa ya wanaume tu, basi.

MCHEZO WENYEWE UKOJE?

Kwa ambaye hajawahi kuuona, ni hivi. Mrukaji anavaa skii, yaani vile vibao virefu vya kutelezea, anapanda juu ya mnara na kukaa kwenye bomba lililolazwa kama benchi. Akiruhusiwa anajiachia. Anateleza kwenye njia nyembamba iliyoganda huku amejikunja kama yai, na mwendo unakaribia kilomita 90 kwa saa, ule wa basi la mkoani barabara ikiwa nyeupe. Akifika ukingoni anajirusha mbele kichwa kichwa, skii zikitanuka mfano wa herufi V, na hewa inambeba.

Hana injini, hana parachuti. Ni mwili wake, skii zake na upepo.

Pointi zinatoka sehemu mbili. Moja ni umbali, nyingine ni mtindo. Majaji watano wanaangalia alivyotulia hewani na alivyotua, kisha maksi ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa. Kutua vizuri ni mguu mmoja mbele, magoti yamekunjika, mikono imetanuliwa. Ukitua miguu sambamba kama mtu aliyeruka mtaro, majaji wanakukata.

Sasa shika jambo moja hapa. Katika mchezo huu ubabe wa misuli hausaidii sana. Mwili mwepesi unapaa vizuri, hadi shirikisho likaweka kanuni kwamba mrukaji mwembamba kupita kiasi lazima atumie skii fupi, ili watu wasijitese na njaa. Ni kweli kwa kawaida wanawake huanzia juu zaidi kwenye mnara ili wapate mwendo wa kutosha. Lakini kati ya michezo yote ya baridi, huu ni mmojawapo ambao pengo la mwanaume na mwanamke linaweza kuwa dogo mno. Wapo waliosema hicho ndicho kilichokuwa kinawasumbua wakubwa.

WALIKUWEPO TANGU ENZI ZA BABU

Eti ni mchezo mpya kwa wanawake? Si kweli hata kidogo.

Mwaka 1862 kule Trysil, Norway, kwenye moja ya mashindano ya mwanzo kabisa ya mchezo huu, alikuwepo mwanamke anayeitwa Ingrid Olsdatter Vestby. Aliruka mbele ya watu na jina lake likaandikwa. Hapo taa za umeme hazijafika majumbani.

Mwaka 1911 nchini Austria, binti wa ukoo wa kitajiri, Paula Lamberg wa Kitzbühel, aliruka mita 22. Alivaa nini? Sketi ndefu! Enzi hizo suruali kwa mwanamke ilikuwa kashfa kubwa kuliko kuvunja shingo.

Kisha akaja Johanne Kolstad wa Norway. Huyu alikuwa noma. Kwao wenye mchezo hawakumpa nafasi ya kushindana, wakawa wanamtaka aruke kwa maonyesho tu, watu wapige makofi waende nyumbani. Akafunga mizigo, akaenda Marekani. Mwaka 1938, mjini Berlin, ile ya jimbo la New Hampshire na siyo ya Ujerumani, aliruka mita 72. Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kufika huko.

Kwa hiyo watazamaji walikuwepo, na warukaji wa kike walikuwepo. Kilichokosekana ni karatasi ya kuwaandikisha. Wanaume waliingizwa Olimpiki tangu ile ya kwanza ya majira ya baridi, Chamonix, Ufaransa, mwaka 1924.

BINTI WA PARK CITY

Lindsey Van alizaliwa Detroit, lakini mchezo aliupatia Park City, jimbo la Utah, mji wa milimani wenye vilima vya kurukia. Alianza akiwa na miaka kama saba hivi. Mtoto wa umri huo hajui siasa za michezo. Anaona wenzake wanaruka, naye anaruka. Wavulana na wasichana walitumia kilima kimoja na makocha walewale. Hakuna aliyemwambia kwamba mbele ya safari njia zitaachana.

Mwaka 2002 Olimpiki ikaletwa Salt Lake City, na mashindano ya kuruka yakafanyika Park City. Vilima vya nyumbani kwake! Dunia nzima ikaja kurukia pale alipojifunzia yeye. Alikuwa na miaka 17, na wanawake hawakuwa na mashindano yao.

Mwaka uliofuata wazazi wa wasichana wa pale wakaona hapa kukaa kimya hakulipi. Wakaanzisha chombo cha kuchangisha pesa na kupigania haki yao, Women's Ski Jumping USA. Baadaye kikaongozwa na Deedee Corradini, mama ambaye alikuwa meya wa Salt Lake City wakati mji huo unaipata ile Olimpiki. Mama huyo alikuwa anajua milango yote ya wakubwa, na hakuona aibu kuigonga.

MARA KIZAZI, MARA IDADI, MARA MEDALI

Hapa ndipo penye utamu, na uchungu.

Mwaka 2005, rais wa Shirikisho la Kimataifa la Skii, Gian-Franco Kasper, aliongea na redio moja ya Marekani. Akasema kutua kwenye mchezo huu ni sawa na kuruka kutoka kimo cha mita mbili kwenda chini, tena mara elfu moja kwa mwaka, na kwamba kitabibu haionekani kuwafaa wanawake.

Hii hadithi ya mwili wa mwanamke ilikuwa ya siku nyingi. Tangu zamani watu waliwaambia mabinti kwamba kizazi kitaharibika. Van alipoulizwa akajibu kwa utani wenye pilipili, kwamba viungo vya uzazi vya mwanamke viko ndani vimejificha, vya mwanaume ndivyo viko nje, sasa nani wa kuogopa?

Sababu ya kitabibu ilipoanza kuchekwa, ikaja ya pili. Mwaka 2006 shirikisho lenyewe lilikubali wanawake wawe na mashindano yao ya dunia kuanzia 2009, na likaomba waingizwe Olimpiki ya 2010. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC, ikakataa. Ikasema mchezo bado mchanga kwa upande wa wanawake, warukaji ni wachache, nchi chache, na hata mashindano ya dunia hawajafanya.

Haya, wachache sawa. Lakini kikao hichohicho kikaupitisha mchezo mwingine mpya, skikrosi, ule ambao watu wanne wanashuka mlima pamoja wakigombania njia. Huo ukaingia na wanaume na wanawake kwa mpigo. Wadada wa kuruka wakabaki wanaangaliana.

Rais wa IOC wa wakati huo, Jacques Rogge, akaongeza na ya tatu: kwamba hawataki thamani ya medali ishuke, ziwe kama maji yaliyotiwa kwenye maziwa. Yaani mtu ameruka tangu ana miaka saba, halafu anaambiwa medali yake itazipunguzia wengine ladha.

Ukiziangalia sababu hizo kwa pamoja, zote zinaishia na neno moja: SUBIRINI. Hakuna aliyesema "hamtaingia kamwe". Walisema bado kidogo, bado kidogo. Ofisini, mtu wa suti akisema subiri miaka minne, yeye hapotezi kitu. Miaka minne ijayo atakuwa kwenye kiti kilekile, pengine na tumbo limeongezeka. Mrukaji wa miaka 22 akiambiwa subiri miaka minne, ameambiwa toa magoti yako na ujana wako, halafu uje tuone. Kwa mwanamichezo, subiri na hapana vinakaribiana sana.

BINGWA WA KWANZA WA DUNIA

Tarehe 20 Februari 2009, mjini Liberec, Jamhuri ya Cheki, wanawake wakaruka kwa mara ya kwanza kwenye mashindano ya dunia. Miaka 147 tangu Ingrid wa Trysil.

Aliyechukua dhahabu? Lindsey Van. Nyuma yake Ulrike Gräßler wa Ujerumani, wa tatu Anette Sagen wa Norway. Van alikuwa na miaka 24, bingwa wa kwanza wa dunia katika historia ya wanawake kwenye mchezo huu. Hilo hata aje nani halifutiki, maana wa kwanza ni mmoja tu.

Na bado Olimpiki ilikuwa imemfungia.

WAKAENDA MAHAKAMANI

Wadada hawakukaa kulia. Kundi la warukaji kutoka nchi mbalimbali, Van akiwemo, walifungua kesi Kanada, katika mahakama ya juu ya jimbo la British Columbia. Waliyemshtaki ni kamati ya maandalizi ya Vancouver, VANOC. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Olimpiki inafanyika kwenye ardhi ya Kanada, kwa pesa za walipa kodi wa Kanada, na katiba ya Kanada inakataza kumbagua mtu kwa jinsia yake. Sasa inakuwaje wanaume waandaliwe mashindano na wanawake wanyimwe?

Julai 2009 Jaji Lauri Ann Fenlon akatoa hukumu. Huu ubaguzi upo, alisema. Wanawake hawa wanabaguliwa. Lakini anayebagua ni IOC, ambayo sheria ya Kanada haimfikii, na VANOC haina uwezo wa kuongeza mchezo kwenye ratiba ya watu wengine.

Kwa hiyo ukisoma hukumu, wadada walishinda hoja wakashindwa kesi. Ni kama umemkamata mwizi na mali yako mkononi, hakimu anakubali kabisa kwamba ni mali yako, ila anasema mwizi huyu kituo chake siyo hiki. Wakakata rufaa Novemba, wakashindwa. Desemba mahakama ya juu kabisa ya nchi ikakataa hata kuisikiliza.

Februari 2010 Olimpiki ikafunguliwa. Pale Whistler, Simon Ammann wa Uswisi akaruka mita 108 kwenye kilima kile kidogo na kuchukua dhahabu. Rekodi ya Van ikaondoka mikononi mwake hivyo. Ilivunjwa kwenye mashindano ambayo yeye hakupewa ruhusa ya kuitetea. Ammann hana kosa, aliruka vizuri sana. Ila fikiria mtu anakuvunjia rekodi wewe ukiwa nje ya uzio.

Na usidhani dharau ziliishia hapo. Mwezi uliofuata, Machi 2010, kilima maarufu cha Holmenkollen jijini Oslo kilikuwa kinafunguliwa baada ya kujengwa upya. Wananchi walipiga kura nani aruke wa kwanza, wakamchagua Anette Sagen, yule wa shaba ya Liberec. Heshima kubwa, hasa kwa mwanamke. Basi jioni ya kuamkia siku yenyewe, mrukaji wa kiume, Bjørn Einar Romøren, akaruka pale, ikaitwa majaribio. Norway nzima ikachafuka. Hata zawadi ndogo kama ile ilibidi mwanaume aionje kwanza!

HATIMAYE MLANGO UNAFUNGULIWA

Kelele zile hazikwenda bure. Kesi ilipotea, lakini dunia ilikuwa imesikia jaji akitamka neno ubaguzi. Tarehe 6 Aprili 2011 IOC ikakubali: wanawake wataruka Sochi, Urusi, mwaka 2014. Desemba ya 2011 wakapata na Kombe la Dunia lao, lililoanzia Lillehammer, Norway. Mshindi wa siku hiyo ya kwanza alikuwa Sarah Hendrickson, binti mwingine wa Park City, mdogo kwa Van karibu miaka kumi.

Katikati ya purukushani hizo kuna jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu Van. Rafiki yake aliugua saratani ya damu, naye akajiandikisha kuwa mtoa uboho wa mifupa. Hakufanana na rafiki yake, ila baadaye akaitwa, amefanana na mgonjwa asiyemjua kabisa. Akaenda hospitali akatoa. Mwanamichezo anayehitaji kila tone la nguvu zake, anampa mtu ambaye hata jina halijui.

Tarehe 11 Februari 2014, usiku, Sochi. Wanawake 30 wamepanga mstari. Namba moja kifuani kavaa Hendrickson, aliyekuwa ametoka kwenye jeraha baya la goti, akawa mwanamke wa kwanza kuruka kwenye mashindano ya Olimpiki. Watu wote walimtabiria Sara Takanashi wa Japani, aliyekuwa anashinda karibu kila wiki msimu ule. Akamaliza wa nne! Dhahabu ilikwenda kwa Carina Vogt wa Ujerumani, ambaye hadi siku hiyo hakuwa ameshinda hata shindano moja la Kombe la Dunia. Fedha ikaenda kwa Daniela Iraschko-Stolz wa Austria, shaba kwa Coline Mattel wa Ufaransa.

Na Lindsey Van? Alimaliza wa 15.

Alikuwa na miaka 29. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu awe bingwa wa dunia. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, ila hawakusema kwamba wakati mwingine mti unaweza kuiva wewe meno yameshaanza kuisha. Mwaka 2015 akastaafu. Medali ya Olimpiki hana.

KWA SASA HALI IKOJE

Baada ya Sochi mambo yakakimbia. Beijing 2022 wakaongezewa mashindano ya timu za mchanganyiko, wanaume wawili na wanawake wawili, na Slovenia wakabeba dhahabu. Kwa Milano Cortina 2026, wanawake wakawekewa kwenye ratiba na kile kilima kikubwa ambacho wanaume wamekuwa nacho miaka nenda rudi.

Umbali nao unatisha. Machi 2025 kule Vikersund, Norway, Nika Prevc wa Slovenia aliruka mita 236, rekodi ya dunia ya wanawake. Wiki chache baadaye mwezi huohuo, kaka yake Domen akaruka mita 254.5 Planica, rekodi ya dunia ya wanaume. Rekodi zote mbili za sayari nzima kwenye meza moja ya chakula! Wazazi wao sijui wanalala vipi.

Nika alizaliwa mwaka 2005. Ndiyo, mwaka uleule ambao rais wa shirikisho alikuwa redioni akieleza kwamba kutua huku hakuwafai wanawake. Alipojifunza kuruka, vita vikubwa vilikuwa vimepiganwa na watu wengine.

Vita havijaisha lakini. Upo mchezo wa ndugu na huu, wa mchanganyiko wa kuruka na mbio za skii, ambao mpaka ratiba ya 2026 bado ni wa wanaume peke yao kwenye Olimpiki. Na wanawake wa mchezo huo wanaambiwa nini? Kwamba nchi ni chache, washiriki hawatoshi, wasubiri kidogo.

Hawa wa sasa nao wana umri, na wana magoti. Kati yao pengine kuna bingwa ambaye leo ndiyo siku yake, na mlango ukifunguliwa atakuwa wa 15.

Haya mdau, maoni yako hapo chini. Ungekuwa wewe ndiye Van, baada ya ile hukumu ya 2009, ungeendelea kuruka hadi Sochi au ungetundika skii zako ukaendelea na maisha? Na kwenye mchezo unaoupenda wewe, ni nani anayeambiwa asubiri?